Nusu ya Uwanja

Drusilla aliwadharau watu wengi katika kaunti mbili za Kisii na Nyamira, lakini hakuna aliyempita Andrew Ogeto, mkuu wa Chuo cha Ufundi cha Getonto. Alimdharau kwa tumbo lake, kwa tai yake fupi iliyoishia juu ya kitovu, na kwa ile tabia yake ya kuanza kila sentensi na “sisi kama uongozi”, hata akiwa peke yake chooni akiitisha karatasi. Zaidi ya yote alimdharau kwa sababu ya mahindi.

Drusilla alikuwa amekuja Getonto kutoka Nairobi. Huko alichezea timu ya shirika moja kubwa mpaka goti likamkatalia, kisha akafundisha wasichana wa sekondari mpaka akachoka na wazazi waliotaka watoto wao wapangwe, watoto ambao hawakujua hata mpira unadundwa kwa mkono upi. Tangazo la kazi lilisema chuo kina uwanja wa kisasa wa mpira wa kikapu na kinatafuta kocha wa kuijenga upya timu ya wasichana. Yeye ni mzaliwa wa Birongo, si mbali sana na hapo, akaona heri arudi afanye jambo la maana karibu na kwao. Akafika na begi lake na wavu wa mipira, akauliza uwanja uko wapi. Mlinzi akamwonyesha kwa kidole. Drusilla akaangalia, akamwangalia mlinzi, akaangalia tena. Uwanja mzima, kutoka kikapu hadi kikapu, ulikuwa umefunikwa na mahindi.

Getonto iko juu ya kilima upande wa Nyaramba, na pande zile ardhi haijui kulala sawa. Ukitaka kuanika kitu unakianika mteremkoni, mvua ikija inakibeba. Kwa hiyo mtu wa huko akiona saruji pana, iliyonyooka, inayopigwa na jua tangu asubuhi, haoni uwanja wa michezo. Anaona mahali pa kuanika. Drusilla mwenyewe ni mtoto wa mkulima, na kama angemkuta pale mama mzee na debe lake moja angeinama amsaidie kugeuza. Lakini mahindi haya yalikuwa ya Mama Bravin, mke wa Ogeto, aliyeyanunua mabichi kila siku ya soko, akayakausha juu ya saruji ya chuo, kisha akayauza kwa shule za bweni. Hayakuwa na msimu. Yakiondoka haya, yanaletwa mengine.

“Hii mahindi itatoka lini?” alimwuliza Ogeto ofisini siku hiyo hiyo.

“Itatoka ikikauka, Madam.”

“Na wasichana watafanyia mazoezi wapi?”

“Sisi kama uongozi tumeliangalia hilo jambo kwa makini,” Ogeto akasema, akijikuna shingo. “Wasichana wenyewe ni wachache. Nusu inawatosha.”

Ndivyo walivyokubaliana, kama kuna kukubaliana wakati mmoja wenu ndiye mwenye funguo. Kamba ya katani ikalazwa juu ya mstari wa katikati. Upande huu timu, upande ule Mama Bravin. Na sheria ikawekwa, si na Drusilla: mpira ukivuka kamba na kutawanya mahindi, aliyeupoteza anapiga magoti na kuyarudisha yote, punje kwa punje, huku Mama Bravin amesimama kwenye mlango wa nyumba yake pembeni mwa uwanja, mikono kiunoni, akiuliza kwa sauti ya kusikika hadi sokoni ni nani aliyekanyaga chakula cha watu.

Timu yenyewe ilikuwa aibu tupu. Ilikuwa imefungwa na kila chuo cha mkoa ule, hata na kimoja kilichokuja bila kocha na viatu vya kuazimana. Wasichana walicheza kama watu wanaoomba radhi. Mmoja wao, Nyakerario, mwanafunzi wa upishi, mtoto wa wakulima wadogo wa chai pale Nyaramba, alikuwa mrefu kuliko walimu wote, na alitembea ameinama ili jambo hilo lisijulikane.

“Simama wima,” Drusilla alimwambia siku ya kwanza. “Huo urefu hukuuiba.”

Nyakerario akasimama wima. Ilimchukua muhula mzima kuzoea, lakini alisimama.

Basi Drusilla akaanza kazi, na dharau yake ndiyo iliyomwonyesha njia. Amepewa nusu? Atafundisha nusu. Akawafundisha pasi fupi, za mkono kwa mkono. Akawafundisha kudunda mpira chini kabisa, karibu na kifundo cha mguu, maana mpira ukidundwa juu hutoroka, na ukitoroka huingia kwenye mahindi. “Pasi ndefu ni mali ya Mama Bravin,” aliwaambia, nao wakacheka, na baada ya kupiga magoti mara kadhaa wakiokota punje wakaacha kucheka wakaamini. Mikono yao ikawa mikono ya watu wanaobeba mayai. Ndani ya nusu yao hakuna aliyeweza kuwapokonya mpira. Wangeuzungusha na kuuzungusha mpaka mlinzi wa kikapu apatwe na kizunguzungu, kisha Nyakerario anyooshe ule mkono wake na kuutumbukiza.

Drusilla alijua vizuri walichokosa. Hawakujua kukimbia uwanja mzima. Hawakujua kuubeba mpira kutoka chini ya kikapu chao mpaka upande wa pili mtu akiwabana njiani, kwa sababu upande wa pili, kwa miguu yao, haukuwapo. Lakini nani angewabana? Makocha wengine wa mkoa ule walikuwa walimu wa hesabu na kilimo waliopewa filimbi kama adhabu. Timu zao zilipopoteza mpira zilikimbia kurudi kulinda kikapu na kuwaacha Getonto wavuke polepole kama watu waendao ibada. Drusilla alikuwa akikaa kwenye benchi akiomba tu ujinga wa wenzake uendelee. Ukaendelea. Mwaka wa kwanza walishindwa kwa heshima. Mwaka wa pili walichukua kombe la mkoa.

Jambo lingine alilolipigania lilikuwa karo. Alikwenda mwenyewe mbele ya bodi ya chuo, akawaambia wale wazee kwamba mchezaji wa timu anayetoka kwenye familia isiyojiweza asamehewe karo maadamu timu ipo. Ogeto alipinga. Wazee wakakubali, zaidi kwa kumkomoa Ogeto kuliko kwa huruma. Kwa njia hiyo Nyakerario na wenzake wanne wakabaki chuoni, na siku kombe lilipokuja nyumbani, mama yake alipanda kilima kutoka Nyaramba na mkungu wa ndizi kichwani, akauweka miguuni mwa Drusilla.

Sherehe ya kombe ilikuwa ya Ogeto. Alihutubia mpaka chakula kikapoa. Sisi kama uongozi tulifanya mazoezi, sisi kama uongozi tulifunga vikapu. Alipiga picha na kombe, akapiga na kombe na Mama Bravin, na picha hiyo ya pili ikatoka gazetini na Drusilla nyuma yao, nusu ya sikio. Wiki iliyofuata akamwita ofisini. Kijana mmoja alikuwa ameketi pale, viatu vyeupe, miwani ya jua juu ya kichwa.

“Madam, huyu ni Lewis, mtoto wa dada yangu. Amesomea mambo ya hoteli, lakini michezo iko kwa damu.”

“Kwa damu ya nani?” Drusilla akauliza.

“Sasa, umetufanyia kazi nzuri sana. Mbuya mono, vizuri kabisa. Timu imesimama. Sisi kama uongozi tunaona inahitaji kijana wa kuipeleka mbele.”

“Na mimi?”

“Wewe ni mtu wa kujenga, Madam. Na kujenga kumeisha.”

Hivyo ndivyo Drusilla alivyomwaga unga, na sababu ilikuwa kwamba ameshinda. Alimwambia Ogeto ana kwa ana kuwa tumbo lake lina akili kuliko kichwa chake, kwa sababu tumbo angalau linajua likishiba. Ogeto alicheka. Hakukasirika hata kidogo, alicheka mpaka akatoa kitambaa, akamwambia Lewis amletee Madam chai. Hicho kicheko ndicho Drusilla alichoondoka nacho. Mtu ukimtukana akakasirika, mmemalizana. Akicheka, tusi linabaki kwako, na unalibeba nyumbani.

Chuo kikubwa cha mjini Kisii kilimchukua kabla hajamaliza kufungua mizigo. Huko uwanja ulikuwa umepakwa rangi na kuzungushiwa uzio, na mtu akianika hata kitambaa cha mkono anafukuzwa. Wachezaji walikuwa watoto wa mjini na wa masoko makubwa, wameshiba, wanabishana naye kwa Sheng. Aliyekuwa bora kati yao alikuwa Ashley, msichana mfupi wa Nyamache ambaye alikimbia kama mtu aliyechokozwa. Drusilla akawatazama, na siku ya kwanza akajua atawafundisha nini. Aliwafundisha kubana uwanja mzima. Ukifunga kikapu hurudi nyuma kulinda. Unabaki pale pale, unamrukia yule anayetoa mpira, wawili mnamfungia njia kabla hajavuka mstari wa katikati. Wakakimbia asubuhi, wakakimbia jioni, wakatapika, wakakimbia tena.

“Kochi, hii tunafanya ni ya nini?” Ashley aliuliza siku moja, ameshika magoti. “Hakuna timu huku inatusumbua hivyo.”

“Kimbia,” Drusilla akasema.

Silaha ile ilikuwa ya kuipiga timu moja tu katika mkoa mzima, na Drusilla hakujidanganya kuhusu hilo. Lakini akijiuliza ni ya nani, alijibu ni ya Ogeto. Alimwona kila siku akilini mwake, ameketi chini ya hema la wageni, tai yake fupi, akitazama timu yake ikikatwakatwa, na uso wake ukianguka taratibu. Hakuwahi kuuona uso wa Ogeto ukianguka. Alitaka kuuona mara moja tu, kisha apumzike.

Msimu ukaenda, na kama alivyotarajia, fainali ya mkoa ikawa kati ya chuo cha mjini na Getonto. Wasichana wake wa zamani walifika hapo kwa yale yale aliyowafundisha, maana Lewis hakuwa ameongeza kitu zaidi ya kuwanunulia soksi za rangi moja.

Siku chache kabla ya fainali, mchana, Nyakerario alibisha hodi nyumbani kwake mjini. Alikuwa amebeba ndizi mbivu kwenye mfuko wa karatasi. Alisimama wima mlangoni mpaka ikabidi ainamishe kichwa ili aingie. Alikuwa mwaka wake wa mwisho sasa.

“Madam, sisi tunajua mtatufunga,” alisema baada ya salamu na chai.

“Nani amewaambia?”

“Tunajua tu. Lewis haelewi kitu. Kila siku anatuambia tuamini.”

“Muamini nini?”

“Hajasema.”

Drusilla akacheka peke yake. Nyakerario alikuwa akikunja na kukunjua ule mfuko wa karatasi.

“Nimekuja kuomba, Madam. Wenzangu wamenituma. Mtufunge, lakini mtufunge kidogo. Principal anasema tukiaibisha chuo, timu inaisha. Kwa bodi kuna wazee wanatutetea, na mwenyekiti atakuja kuangalia mwenyewe. Akiona tunajaribu, tutabaki. Timu ikiisha, ile karo yetu inarudi. Mimi nimebakisha mihula miwili tu nimalize. Nitaenda nyumbani nichume chai na hiyo mihula miwili kwa kichwa.”

“Ogeto anawatisha. Hawezi kufunga timu. Atapiga picha na nini?”

“Madam, wewe unamchukulia mchezo.”

“Namchukulia vile alivyo. Mpumbavu mwenye ofisi.”

Si adabu mwanafunzi kukubali kwamba mkuu wake ni mpumbavu, wala si adabu kumbishia mwalimu. Nyakerario akangoja tu, macho kwenye kikombe. Mwishowe Drusilla akamshika bega.

“Sawa. Sitawaaibisha. Nenda ukawaambie wenzako.”

Na alipoahidi alimaanisha. Hilo lazima lisemwe, ingawa halimsaidii.

Fainali ilichezwa Jumapili, maana Jumamosi huku nusu ya wachezaji, Wasabato, wako kanisani na hakuna refa mwenye akili anayewagusa. Uwanja wa chuo cha mjini ulijaa. Chini ya hema la wageni aliketi Ogeto, na kando yake mwenyekiti wa bodi ya Getonto, mzee mkavu mwenye fimbo. Lewis alikuwa kwenye benchi na miwani yake, akipiga makofi hata mpira ukiwa umetoka nje.

Nusu ya kwanza Drusilla alitimiza neno lake. Aliwaambia wasichana wa mjini warudi nyuma walinde kama timu nyingine yoyote. Getonto wakavuka mstari polepole, wakaingia kwenye nusu ya wapinzani, na pale wakaanza kazi yao ndogo nzuri. Pasi fupi, pasi fupi, mpira chini, mkono kwa mkono. Watu wakaanza kushangilia. Ashley alikuwa akirukaruka mbele yao kama anafukuza inzi. Drusilla, kocha wa upande wa pili, alijikuta anahesabu pasi zile kwa midomo, kwa fahari, kwa sababu kila moja ilikuwa yake. Wakati wa mapumziko chuo cha mjini kilikuwa mbele kwa pointi chache tu. Mwenyekiti wa bodi alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Nyakerario alimtazama Drusilla kutoka upande wa pili, akatabasamu kidogo, akageuka upesi asionekane.

Ikiwa Ogeto angenyamaza, hadithi ingeishia hapo, wala isingekuwa na haja ya kusimuliwa. Lakini Ogeto na kipaza sauti ni mtu na ndugu yake. Aliombwa awasalimu watu. Akasimama, akavuta tai.

“Mnaona hawa wasichana wetu?” akanguruma. “Kuna watu walifikiri wakitoka Getonto, Getonto itakufa. Sisi kama uongozi tulisema hapana. Kocha ni kama mtu wa kuchimba choo. Akimaliza kuchimba, unamshukuru, anaenda. Huwezi kumwambia akae hapo ndani!”

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata wasichana wa Drusilla, kwenye benchi lake mwenyewe, walificha midomo. Ogeto akamtafuta kwa macho katikati ya watu, akampungia mkono kwa furaha, kama anayemsalimia shemeji harusini.

Drusilla alisikia masikio yake yakiwaka. Hakufikiri kitu kuhusu Nyakerario wakati huo. Ukweli ni kwamba hakumfikiria hata kidogo.

“Baneni uwanja mzima,” aliwaambia wasichana wake. “Kuanzia mpira wa kwanza.”

Ashley akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kilichofuata hakikuwa mchezo. Getonto walitoa mpira chini ya kikapu chao, na kabla Nyakerario hajageuka alikuta wasichana wawili wamemsimamia kifuani. Alijaribu pasi fupi, ikachukuliwa. Kikapu. Akatoa tena. Kulikuwa na mwenzake peke yake upande ule mwingine wa uwanja, amenyoosha mikono, hana mtu, na mtoto yeyote wa shule ya msingi angemrushia. Nyakerario alimwona. Mikono yake haikujua kurusha mbali hivyo. Akaudunda mpira mbele, akafika kwenye mstari wa katikati, na pale pale miguu ikakwama, kama ilivyokwama kila siku kwa miaka yote ile kwenye kamba ya katani. Ashley akauchomoa mpira kwa nyuma na kwenda zake. Kikapu. Akatoa mwingine. Hivyo hivyo. Mmoja baada ya mwingine, wasichana wa Getonto walikimbia hadi kwenye ule mstari na kusimama, na watu ambao hawakujua sababu waliona kwamba ni mazuzu. Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele. Kijana mmoja akapiga kelele, “Wapewe visa wavuke!” na uwanja ukamshangilia.

Lewis alikuwa amesimama, akiwaambia waamini.

Drusilla angeweza kuusimamisha wakati wowote. Ashley mwenyewe, ambaye si mtu wa huruma, alikuja pembeni akihema.

“Kochi, tuwaachie sasa? Imeshakuwa mbaya.”

“Nani amekwambia umechoka?”

Ashley akamtazama kwa mshangao, akarudi uwanjani.

Macho ya Drusilla yalikuwa kwenye hema, yakingoja uso wa Ogeto uanguke. Ogeto alikuwa akila mguu wa kuku. Alikuwa akitazama mchezo, anatafuna, anafuta mdomo, anamwinamia mwenyekiti wa bodi na kumnong’oneza kitu, na mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa ameshika paji la uso, akaitikia kwa kichwa taratibu. Drusilla akajiambia: ngoja kidogo. Pointi nyingine kumi, ataona aibu. Akangoja. Pointi zikaja, na nyingine, na uso ule ukabaki mviringo na mtulivu. Mara moja, katikati ya hayo yote, Nyakerario aligeuka, akaacha kumtazama Lewis, akamtazama yeye. Drusilla alitazama saa ya uwanja.

Filimbi ya mwisho ilipolia, tofauti ya pointi ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwandishi wa ubao alikuwa ameacha kuandika za Getonto. Wasichana wa mjini wakamrukia Drusilla, wakamzungusha. Alipowekwa chini, Ogeto alikuwa mbele yake, mikono yote miwili imenyooshwa.

“Madam! Mbuya mono! Umenitua mzigo wewe!”

“Mzigo gani?”

“Hii timu!” Ogeto akamshika mkono na kuutikisa kwa nguvu. “Bodi ilinikalia shingoni mwaka mzima. Oh, wasichana wanajitahidi, oh, karo wasamehewe. Mngetufunga pointi tano, sita, ningekuwa na timu mpaka nistaafu. Nilikuwa naogopa sana wakati wa mapumziko, nikasema wacha nichangamshe watu kidogo nisahau. Sasa mzee amejionea. Amekubali hapo hapo, timu imefungwa. Na saruji yote Mama Bravin anachukua. Hata mimi ningejaribu, singeweza kuifunga namna hiyo. Lazima uje nyumbani ule kuku.”

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Hakuwa anamdhihaki. Mtu alikuwa amepata alichotaka, na alikuwa anamshukuru aliyemletea. Drusilla alifungua mdomo amtupie lile tusi kubwa ambalo alikuwa amelitunza tangu siku ya chai ile ya ofisini, na hakulipata. Alitafuta. Mpumbavu? Mpumbavu alikuwa anakwenda nyumbani na uwanja mzima, na mwenye akili ndiye aliyeupakia kwenye gari lake. Miaka yote hiyo alimtazama Ogeto kwa jicho la juu na hakuona kitu, na msichana wa miaka ishirini aliyekuja na ndizi alimwambia wazi kwamba unamchukulia mchezo, akampuuza na yeye. Hapo Drusilla alijidharau. Alijidharau kwa dharau ile ile aliyokuwa akiwagawia watu wa kaunti mbili, yote kwa pamoja, na ikamfaa kuliko ilivyowahi kumfaa mtu yeyote.

Aliuvuta mkono wake. Ogeto akaendelea kutabasamu, akaenda kumtafuta dereva.

Wasichana wa Getonto walipita mmoja mmoja kumpa mkono, kwa sababu walilelewa vizuri na yeye ni mwalimu wao. Hakuna aliyelia mbele yake. Nyakerario alikuwa wa mwisho, taulo begani, amesimama wima.

“Hongera, Madam.”

“Nyakerario, mimi—”

“Tumeambiwa tayari,” Nyakerario akasema, kwa upole, kama anamwondolea mtu mzima aibu ya kueleza. “Nilitaka kuuliza tu. Hapa kwenu wanachukua mtu amebakisha mihula miwili? Upishi?”

Chuo cha mjini hakikuwa na kozi ya upishi. Hakikuwahi kuwa nayo, na kila mtu Kisii na Nyamira alijua hivyo.

“Nitakuulizia,” Drusilla akasema.

“Sawa, Madam. Asante,” Nyakerario akajibu, akaenda kupanda basi na wenzake.